Aliyemfikisha Mtoto Nyumbani

Nikisema "mpo?", nyie semeni "tupo, lete." Mpo?

Hamjaitikia vizuri, lakini nitaanza hivyo hivyo, maana kuna mtoto yuko barazani na baridi inamsubiri. Wewe unayetafuna karanga, tafuna, ila sikiliza. Mwisho nitawauliza swali, na sitaki jibu la mkato. Ukinitajia jina nitakuuliza kwa nini. Ukiniambia kwa nini, nitakuuliza kama hiyo kwa nini yako utaikubali siku itakapokugeukia wewe mwenyewe.

Haya. Kule milimani Upare, kwenye mashamba ya tangawizi, ambako ukungu huingia mpaka jikoni bila kupiga hodi, palikuwa na kijiji kinaitwa Ndivani. Kiliitwa hivyo kwa sababu ya ndiva, lile bwawa la juu mlimani linalokusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenye mifereji ya mashamba. Mama mmoja wa kijiji hicho, Navoneiwa, alikuwa na mabinti watatu, na kila mmoja alizaliwa na kipaji chake.

Mkubwa, Nakijwa, alikuwa na masikio. Najua, hata wewe unayo, lakini yako ni ya kuvalia hereni. Nakijwa akiwa uani alisikia maziwa ndani yakikaribia kufurika. Mgeni akikohoa kule bondeni, alimjua ni nani na kama anakuja kwa heri au kwa ugomvi. Alikuwa ameolewa, mumewe akafariki kabla hawajapata mtoto, akarudi kukaa na mama yake.

Wa kati, Namkunda, alikuwa na nyayo. Hakupenda viatu tangu utoto. Ungeweza kumfunga macho, ukamzungusha, ukampeleka popote kwenye milima ile, naye angekanyaga udongo kidogo na kukuambia, "Hapa ni kwa mzee Kadio, na mfereji wake unavuja." Aliolewa nyumba ya pili kutoka kwao na alikuwa na watoto wa kiume watupu, wenye kelele za kutosha kijiji kizima.

Mdogo, Nanzia, alikuwa na joto. Walipokuwa wadogo, dada zake walipigana kila jioni nani alale ubavuni kwake. Kifaranga kikinyeshewa mpaka kikalegea, alikiweka kifuani akaendelea na kazi zake, na baada ya muda ungemwona anacheka peke yake kwa sababu kifaranga kimeanza kumkwaruza. Alikuwa hajaolewa na hakuwa na haraka.

Walikuwa na kaka mmoja, Mrindoko, na wifi mmoja, Eliwaza. Wifi huyo walimpenda kuliko walivyompenda kaka yao, na kaka yao walimwambia hivyo usoni bila kumficha.

Sasa Eliwaza akawa mjamzito, mimba ya kwanza. Siku zake zilipokaribia, alitaka kwenda kumwona mama yake mzazi, ng'ambo ya bonde. Mrindoko alikuwa ameshuka tambarare kuuza tangawizi. Navoneiwa akamwambia mkwewe, "Nenda, ila urudi kabla ukungu haujashuka." Eliwaza akasema, "Ndiyo, mama," akaenda, akakaa, akapikiwa, akacheka na mama yake, akasahau ukungu. Mimi simlaumu. Nani anaondoka kwa mama yake kwa wakati?

Akarudi ukungu umeshashuka.

Nyumbani, mabinti watatu walikuwa jikoni wanachambua maharage ya makande. Nakijwa akasimamisha mkono.

"Kuna mtu analia."

Namkunda akasikiliza. "Huo ni mto."

"Mto haumwiti mama," Nakijwa akasema. Akatoka nje, akageuza kichwa huku na huku, akanyoosha kidole ndani ya ukungu mweupe. "Kule chini, upande wa kulia wa maporomoko. Ni Eliwaza." Wenzake hawakusikia chochote isipokuwa maji, lakini walimjua dada yao. Maharage yakamwagika, hakuna aliyeyaokota.

Walipofika kwenye ukingo wa bonde, hawakuona hata mikono yao wenyewe. Njia ya kushukia pale ni nyembamba, na upande mmoja ni genge tupu. Namkunda akafungua kanga yake, akajifunga ncha kiunoni, akawafunga na wenzake. "Kanyageni ninapokanyaga," akasema. Akashuka kwa nyayo. Udongo ukiwa laini alijua ni pembeni mwa mfereji, akikanyaga changarawe alijua genge liko kushoto, basi anasogea kulia. Mahali pamoja alisimama, akarudi nyuma, akawapitisha kwingine bila kusema kwa nini. Walijua baadaye kwamba njia pale ilikuwa imemomonyoka.

Walimkuta Eliwaza ameegemea jiwe, ameshajifungua. Mtoto wa kike alikuwa kwenye kanga iliyolowa, amekuwa wa rangi ya majivu, halii. Nanzia hakuuliza mtu. Alivua nguo zake za juu zote, zilizokuwa kavu akamfunika wifi yake, mtoto akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akajikunja juu yake pale kwenye matope, mvua ya ukungu ikimdondokea mgongoni. Akawa anamsugua na kumpulizia na kumwambia maneno ambayo hakuwahi kuyarudia mbele ya mtu. Wakangoja. Nakijwa ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ya chini, "Moyo wake nausikia." Halafu wote wakausikia mlio, mdogo, wenye hasira. Eliwaza akaanza kulia, na Namkunda akaanza kucheka, na hivyo hivyo wakapanda kurudi, wamefungana kwa kanga, Namkunda mbele.

Ingekuwa hadithi ya watu wengine, ingeishia hapo kwa uji na vigelegele. Lakini Ndivani wana desturi. Mtoto aliyezaliwa njiani havuki kizingiti bila jina, na jina lake ni la yule aliyemfikisha nyumbani. Anayempa jina anakuwa somo wake maisha yote. Mtoto anakulia mapajani mwake, msimu wa mvua analala kwake, na somo akizeeka, huyo mtoto ndiye wa kumchotea maji na kumshika mkono. Si kitu cha kuchezea. Ni kama kuzaliwa na mama wa pili.

Basi Navoneiwa akawapokea barazani. Eliwaza akakalishwa kwenye mkeka, akavikwa blanketi, jiko la makaa miguuni, bakuli la uji mkononi, mtoto kifuani. Kisha mama akasimama kwenye mlango wa nyumba yake na kuuliza kama inavyoulizwa:

"Nani amemfikisha mtoto huyu nyumbani?"

Na wote watatu wakasema, "Mimi."

Wakatazamana. Hawakuwa wamepanga. Eliwaza akacheka ndani ya bakuli.

Navoneiwa akavuta kigoda, akakaa hapo hapo mlangoni. "Wanangu," akasema, "mimi ni mama yenu wote. Nikichagua mtu, nitakuwa nimewakosea wawili. Kwa hiyo msiniambie nani. Niambieni kwa nini. Kila mmoja anipe kanuni inayobeba neno lake, kanuni ambayo ingefaa hata kama aliyefanya angekuwa jirani tusiyempenda. Halafu tutaona."

Nakijwa akaanza, kwa haki ya ukubwa. "Kila jambo lina wa kulianzisha. Bila mimi, hawa wangekuwa bado na maharage yao. Kanuni yangu ni hii: jambo ni la aliyelianzisha."

"Nzuri," mama akasema. "Nani ana neno?"

Nanzia akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mimi nina asali."

Namkunda akapiga kofi goti lake. "Ehe! Asali!"

Mnaona, palikuwa na mzinga wa nyuki mwituni ambao Nanzia aliuona wa kwanza, juu ya mti. Nakijwa ndiye aliyepanda, akaumwa, akashuka na masega. Wakati wa kugawana, Nakijwa alisema kuona si kitu, asali ni ya aliyepanda, na akachukua sega kubwa.

"Siku ile mwanzo haukuwa na thamani," Nanzia akasema. "Leo umepata thamani wapi, dada?"

Nakijwa akakubali kwa kichwa. Hakuwa mtu wa kukimbia neno. "Asali haikuwa inaita," akasema. "Ingekaa pale mpaka yeyote aione. Mtoto aliita, kwa kinywa cha mama yake. Kuona kitu kilichotulia si sawa na kumwitikia anayekuita. Basi nairekebisha: mtu ni wa aliyeuitikia wito wake kwanza."

"Hiyo ni kanuni nyingine," mama akasema, "lakini inasimama. Namkunda."

Namkunda akasimama kabisa. "Mimi nasema tutazame nani hana mbadala. Masikio ya dada ni mazuri, lakini jioni tungeona wifi hajarudi, tungetoka kumtafuta. Kifua cha Nanzia kina joto, lakini kila mwanamke ana kifua. Kwenye ukungu ule, kwenye genge lile, angeshuka nani mwingine? Kanuni yangu: jambo ni la yule ambaye nafasi yake haizibiki."

"Kanga za harusi," Nanzia akasema mara moja.

"Nilijua utasema kanga!"

Kwenye harusi ya Mrindoko, mpishi alikuwa Nanzia. Ndiye pekee aliyeweza kupika chakula cha watu wale wote bila kukiunguza. Namkunda alichota maji, kazi ambayo nusu ya kijiji ingeweza kuifanya. Upande wa bibi harusi ulipoleta kanga za shukrani, Namkunda alisema kazi ni ya wote na kila mtu apate sawa. Akapata sawa. Kanga aliyowafungia wenzake siku ile bondeni ni mojawapo ya hizo.

"Sikatai," Namkunda akasema, akiishika ile kanga iliyokuwa bado kiunoni. "Lakini kanga zinagawanyika. Kinachogawanyika kigawanywe sawa, hapo sina ubishi mpaka leo. Jina haligawanyiki. Kisichogawanyika kiende kwa asiye na mbadala."

Mama akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa, kwa kufikiri. Upepo ukavuma, ukapenyeza unyevu barazani. Eliwaza akavuta blanketi juu ya kichwa cha mtoto.

Nanzia alikuwa bado anatetemeka. Joto lake lote alikuwa amelitoa, na hata uji haukuwa umemrudishia. Aliongea kwa sauti ndogo. "Mama, umeuliza nani amemfikisha mtoto nyumbani. Wito uliposikika, mtoto alikuwa hai. Nilipompokea alikuwa anaondoka. Angepandishwa mlimani bila pumzi, msingeuliza jina, mngechimba. Kanuni yangu: jambo ni la aliyelikamilisha."

Hakuna aliyetaka kumpinga. Lakini Namkunda, kwa upole, akasema, "Mdogo wangu, na kile kikapu?"

Nanzia akafumba macho. Aliwahi kuanza kusuka kikapu, akakiacha nusu pembeni mwa jiko mpaka panya wakakizoea. Namkunda akakikamilisha. Siku kilipopendeza, Nanzia alikichukua akisema kikapu ni cha aliyekianza, na mama mwenyewe alimwunga mkono.

"Kikapu nusu ni kikapu," Nanzia akasema. "Unaweza kuwekea magunzi. Mtoto hana nusu. Panapokuwa na nusu, mwanzo una haki yake, nakubali, na nilikuwa sahihi kuchukua kikapu changu. Pasipo na nusu, mwisho ndio kila kitu."

Namkunda akaguna. "Umekua," akasema, na akamtupia blanketi lake mwenyewe.

Sasa nyie mliokaa hapa, nimewaona. Mwenye karanga ameshachagua, anatikisa mguu. Ngoja. Kanuni zote tatu zimepigwa, zimeyumba, zimerekebishwa, zimesimama tena. Ukichukua ya Nakijwa, jina ni lake. Ukichukua ya Namkunda, ni lake. Ya Nanzia hali kadhalika. Kila hoja imekaa sawasawa juu ya kanuni yake. Shida ni kwamba kanuni ni tatu na kizingiti ni kimoja.

Eliwaza, ambaye watu walikuwa wamemsahau na uji wake, akauliza, "Mama, na desturi yenyewe? Kwa nini mtoto asiingie bila jina? Hiyo nayo si ina kanuni yake?"

Navoneiwa akamtazama mkwewe kwa muda. Nadhani hakuwahi kuulizwa. "Mama yangu," akasema, "aliniambia mtoto wa njiani amekosa nyumba siku ya kwanza. Kwa hiyo apewe mtu kwanza, ndipo apewe nyumba. Nyumba inaweza kuungua. Akiwa na mtu wake, hatakuwa wa njiani tena."

"Basi swali ni dogo," Eliwaza akasema. "Pale chini, nilipokuwa peke yangu, nani alikuwa mtu wake?"

"Aliyemsikia," akasema Nakijwa.

"Aliyemwendea," akasema Namkunda.

"Aliyemshika," akasema Nanzia.

Na wakacheka wote, hata mama, kwa sababu wamerudi palepale.

Ndipo mvua ikaanza, mvua yenyewe sasa, na ikaja kiubavu, ikapiga barazani. Makaa yakafuka moshi. Mtoto akalia ule mlio wake wa hasira. Nakijwa akasimama haraka. "Mpe Namkunda! Mtoto aingie!"

Kwa pumzi hiyo hiyo Namkunda alikuwa ameshasema, "Mpe Nanzia, mama, hiki si kitu cha kubishania kwenye mvua!"

Na Nanzia, juu ya sauti zao, "Mpe dada Nakijwa!"

Kila mmoja ametoa jina, na kila mmoja amepewa. Hata kwa kuacha walikuwa wamelingana.

Nakijwa akamgeukia mdogo wake, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Nanzia, usinipe kwa sababu sina mtoto. Namtaka mno, Mungu anajua, tangu nilipousikia moyo wake. Lakini sitaki jina la kuhurumiwa. Siku akiniuliza kwa nini anaitwa jina langu, nitamwambia nini? Kwamba shangazi zake walinionea huruma?"

"Kwani huruma si kanuni?" Nanzia akasema, naye analia. "Anayekihitaji zaidi apewe. Kwa nini hiyo isisimame?"

"Kwa sababu hata jirani asiyefanya chochote anaweza kuhitaji," akajibu Namkunda badala ya dada yake. Halafu akasita. "Lakini dada amefanya."

Navoneiwa akainuka kwenye kigoda. Akamchukua mtoto kutoka kifuani kwa Eliwaza, akamfunika kwa upande wa kanga yake, akasimama na mguu mmoja kwenye kizingiti. Mvua ilikuwa inamlowesha mgongo. Akawatazama mabinti zake mmoja mmoja, taratibu, jinsi mama anavyotazama watoto waliolala.

"Nitasema jina," akasema, "na nitasema kanuni yake kwa sauti, mbele yenu wote. Na tangu leo kanuni hiyo ndiyo itakayohukumu asali, na kanga, na vikapu vya nyumba hii. Atakayekosa leo asiniletee nyingine kesho."

Akafungua kinywa.

Mtoto aliingia ndani akiwa na jina. Hilo nina hakika nalo, kwa sababu mtoto huyo ni mimi. Nyie mnaniita Bibi tu, wote, wakubwa kwa wadogo, na leo ndiyo nimepata faida yake. Wanaojua jina langu wanyamaze, na wewe mjukuu wangu hapo mlangoni, funga mdomo. Nilikulia mapajani mwa somo wangu. Alipozeeka nilimchotea maji, nikamshika mkono mpaka mwisho. Na wale wawili wengine nao niliwachotea, na mara nyingi, nikiwa kwa mmoja wao, nilimwona ananitazama kama mtu anayetazama kitu chake kilicholala nyumba ya mwingine. Sikuwahi kujua la kumwambia.

Kwa hiyo siulizi kwa mchezo. Mvua inapiga baraza, mguu uko kwenye kizingiti, mtoto amekunja ngumi, na bibi yangu amefungua kinywa. Ungekuwa wewe, ungemwita nani? Na kwa kanuni gani, ambayo ungeweza kuwaeleza wale wawili uliowanyima, na kesho, itakapokuja kukunyima wewe, usiikimbie?

Haya. Mwenye karanga, anza wewe.